Mche na Ini

Mama Kinu hakujua kunong'ona. Alikuwa amefuma hariri tangu msichana, katika banda lililoungana na nyumba, mitambo miwili ikigonga mchana kutwa, na kule Tango, Japani, mfumaji asiyepaza sauti anaweza kukaa na kiu mpaka jioni kwa sababu hakuna atakayesikia kwamba ameomba chai. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa. La kulia lilikuwa linasuasua. Akisema habari za asubuhi, jirani wa nyumba ya tatu alikuwa anaitikia.

Sawako, mke wa mwanawe, alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa binti wa muuza karatasi na brashi wa Nara, amelelewa katika nyumba ambayo hata milango ilifungwa kwa adabu. Alisema chini chini, kichwa kimeinama, na neno lililokaa mdomoni mwake muda wote lilikuwa "samahani". Si yeye peke yake, kwa kweli. Kwao watu wengi wakipewa kitu huomba radhi kwa usumbufu badala ya kushukuru, na kila mtu anaelewa. Ila Sawako alikuwa amepita kiasi, na Mama Kinu hakuwa mtu wa kuvumilia mambo ya kupita kiasi ambayo si yake.

"Samahani, mama," Sawako angesema, akipokea kikombe.

"Umenikosea nini tena?" Mama Kinu angefoka. "Mimi nakupa chai, wewe unaniomba msamaha. Umevunja kitu?"

"Hapana, mama. Samahani."

"Haya! Ya pili hiyo!"

Shuji, mume wa mmoja na mtoto wa mwingine, alikuwa na ujanja mmoja tu wakianza. Alirudi kwenye mtambo wake na kuuwasha.

Mambo yalikuwa hivyo, si mazuri sana wala si mabaya sana, mpaka alipozaliwa Akane. Mtoto alikuwa mnene, mchangamfu, na wa manjano. Watoto wengi huzaliwa na umanjano kidogo, kisha ukaisha. Wa Akane haukuisha. Siku moja Mama Kinu alimbadilisha nepi, akaitazama ile nepi, kisha akatoka nayo mpaka barazani alikokuwa amekaa wakala wa hariri na mkewe, wageni wa heshima.

"We Sawako! Choo cha mtoto huyu cheupe! Cheupe kama tofu! Unamnyonyesha nini?"

Sawako alitamani ardhi ipasuke. Maneno yale yalimkata maini, na kwa hadithi hii sioni msemo mwingine unaofaa zaidi. Alimbeba mtoto siku ileile kwenda kwa daktari, akiwa na hasira zaidi kuliko hofu, ili apewe jibu la kumfunga mama mkwe mdomo. Jibu alilopewa ni kwamba mirija inayotoa nyongo kwenye ini la Akane ilikuwa imeziba, nyongo ilikuwa inarudi nyuma na kulichoma ini lenyewe, na bahati yao ni kwamba wamekuja mapema. Mama Kinu alikuwa amemwokoa mjukuu wake kwa kelele zake. Sawako alilijua hilo. Lakini kujua ni kitu kimoja na kusahau fedheha ile mbele ya mke wa wakala ni kitu kingine.

Upasuaji wa kwanza, wa kutengeneza njia ya nyongo, ulisaidia kwa muda, kisha haukusaidia tena. Akane alipokaribia mwaka mmoja tumbo lilikuwa limejaa maji, macho yamekuwa rangi ya haradali, na kucheka kwake kumepungua mpaka kumekwisha. Hospitali ya Kyoto walikopelekwa ilikuwa na madaktari wanaochukua kipande cha ini la ndugu aliye hai na kukiweka kwa mtoto. Ini la kungoja kwa maiti halikuwapo, nchi nzima haikuwa na utaratibu huo wakati ule. Ama ndugu atoe, ama basi.

Damu ya Sawako haikuoana na ya mtoto. Shuji alipimwa akakutwa na virusi vya homa ya ini, amekaa navyo tangu utotoni bila kujua. Walikuwa wamekaa jikoni, hakuna anayemtazama mwenzake, Mama Kinu alipoweka bakuli lake la wali chini.

"Mimi ninalo."

"Unalo nini, mama?" akauliza Shuji.

"Ini! Limekaa tu humu, sake sinywi, kazi yake sijui ni nini. Wachukue."

"Mama, una miaka hamsini na sita."

"Na ini lina hamsini na sita. Wewe ulipolihitaji lilikuwa na ishirini na sita, ukatoka nalo salama. Kula wali wako."

Sawako aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alitaka kusema neno kubwa, na neno lililotoka lilikuwa lilelile. "Samahani, mama."

Mama Kinu alikuwa amekwisha geukia supu.

Daktari Nonomura, mpasuaji mkuu, aliwaeleza yote kwa utaratibu. Atakata kipande cha kushoto cha ini la bibi. Lililobaki litaota tena lenyewe. Kile kipande atakipandikiza kwa mtoto, kisha watangoja kuona kama mwili utakipokea. Mama Kinu, aliyekuwa amemsogezea daktari sikio lake zima, alishtuka kwa furaha aliposikia kupandikiza. Hilo alilijua. Alikuwa amepandikiza mpunga, vitunguu vya majani, na vichaka vyote vya uani kwake.

"Sasa daktari bwana," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye lifti, "si mngengoja masika? Mimi vuli sihamishi kitu, mizizi inaona baridi."

Madaktari wanafunzi waliokuwa nyuma walitazama viatu vyao wasicheke. Sawako alihisi masikio yanamwaka moto. Daktari Nonomura peke yake hakuona ajabu.

"Hili halina msimu, mama. Tutalitoa na kulipanda palepale, likiwa bichi."

"Basi msilicheleweshe njiani," alisema Mama Kinu, akatulia.

Basi ndivyo walivyofika kwenye siku ya chungu.

Mama Kinu alikuja kulazwa siku mbili kabla ya upasuaji. Alipita kwanza wadi ya watoto, amevaa kimono chake kizuri, mkononi ameshika furushi la kitambaa cha zambarau. Chumba kilikuwa na mama wengine watatu na watoto wao. Alilifungua furushi kwenye meza ya Akane, na mazungumzo yote yakakatika.

Kilikuwa chungu cha udongo, na ndani yake mche wa nanten, kile kichaka cha matunda mekundu ambacho watu hupanda karibu na mlango wa choo.

Hata mtoto wa nchi ile atakwambia: mgonjwa hapelekewi mmea wenye mizizi. Maua ya kukatwa, sawa, matunda, sawa. Lakini mmea wa chungu umeota mizizi, na kwa lugha yao kuota mizizi na kulala kitandani usiinuke ni maneno yanayosikika karibu sawa. Kumpelekea mgonjwa chungu ni kama kumwambia abaki hukohuko. Mama mmoja wa kitanda cha dirishani alifunika mdomo kwa mkono.

"Mama," Sawako alisema kwa sauti yake ya mbu, "huu ni mmea wa chungu."

"Ndiyo, umechoka! Safari ndefu!" akajibu Mama Kinu, aliyesikia nusu. "Nimeuchimba mwenyewe uani, upande wa kisima. Umwagilie!"

Nesi aliingia, akauona, akatabasamu kwa shida. "Samahani sana, bibi, udongo hauruhusiwi huku. Watoto hawa kinga yao ni ndogo."

"Basi akae nao Sawako kule anakolala. Mradi uwe karibu." Akamgusa Akane shavuni kwa kidole kilichokomazwa na nyuzi. "Na wewe, usimsumbue daktari."

Akaondoka kwenda wadi yake, kelele zake zikififia kwenye korido.

Sawako alikibeba chungu kwa mikono miwili mpaka kwenye chumba walichopanga karibu na hospitali. Shuji alimkuta amesimama nacho katikati ya chumba.

"Mama yako anataka mwanangu aote mizizi kitandani."

"Mama? Sawako, mama anatoa ini!"

"Basi kwa nini analeta hiki? Mwanamke anayenisahihisha hata ninavyokunja taulo, leo hajui kwamba mgonjwa haletewi chungu?"

"Labda amesahau. Muulize."

"Nimuulize vipi? Kesho kutwa wanampasua kwa ajili ya mwanangu, nimwendee nimuulize kwa nini anatutakia mabaya?"

Shuji hakuwa na mtambo wa kuwasha huku Kyoto, kwa hiyo alikwenda kununua sigara. Sawako alikisukuma chungu kwenye kibaraza cha nyuma, nyuma ya ndoo ya kufulia, mahali ambapo mvua haifiki. Hakukitupa. Kukitupa kungekuwa kosa, na makosa aliyaogopa. Alikiacha tu bila maji.

Siku ya upasuaji walikaa kwenye benchi, Shuji na yeye, na hata chai hawakuinywa. Walimpeleka bibi kwanza, mtoto baadaye. Daktari Nonomura alipotoka, kofia ameishika mkononi, alikuwa na uso wa mtu aliyechoka vizuri.

"Ini la bibi ni zuri sana," alisema. "Tulipofungulia damu liligeuka jekundu mbele ya macho yetu, na nyongo ikaanza kutoka tungali pale mezani. Bibi yuko salama. Sasa tungoje kama mwili utalipokea."

Sawako aliinama, akainama tena, akainama mpaka Shuji akamshika bega. Moyoni alikuwa amejaa hata hakujua pa kuweka. Ndugu na majirani walioleta zawadi za kumpa pole angewarudishia baada ya mtoto kupona, kama desturi: sabuni, sukari, vitu vinavyotumika vikaisha ili ugonjwa nao uishe. Lakini kwa ini unarudisha nini? Sabuni ngapi?

Siku ya tatu walimruhusu Sawako kumwona Mama Kinu. Alikuwa amelala chali, bomba limetoka ubavuni, uso umepungua. Sawako alijiandaa kwa kelele. Hazikuja. Tumbo lililoshonwa kutoka upande hadi upande haliruhusu mtu kupaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, mama mkwe wake alinong'ona.

"Vimeshika?"

Sawako alipiga magoti karibu na sikio lile zima. "Nini, mama?"

"Vimeshika?"

"Ini? Ini ni moja, mama. Daktari anasema mpaka sasa ni zuri."

"Vyote viwili," alinong'ona Mama Kinu, kwa hasira kidogo, kama mtu anayemweleza mjinga. "Ini na mche. Daktari alisema wanapandikiza. Kitu kikihamishwa peke yake kinaona upweke. Mimi sipandikizi mche mmoja, napandikiza miwili. Nikauchimba ili wahame pamoja. Mwenzake akishika, naye atashika." Akapumzika, akameza mate. "Najua mgonjwa hapelekewi chungu. Sina wazimu. Lakini safari hii ndicho tunachokitaka, au sivyo? Tunataka mizizi. Kila mtu anaogopa mizizi, na mimi ini langu lisiposhika mizizi kwa yule mtoto..."

Hakumaliza. Machozi yalimtoka pembeni ya macho yakaelekea masikioni, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta. Sawako aliyafuta yeye, kwa kitambaa chake.

"Unaumwagilia?" akauliza Mama Kinu.

Sawako alisema ndiyo. Kisha alitoka, akatembea kwa adabu mpaka kwenye ngazi, na kutoka pale alikimbia. Alipita watu barabarani bila kuomba radhi hata mmoja. Kwenye kibaraza alisogeza ndoo. Udongo ulikuwa umekauka mpaka umeachana na kuta za chungu, majani yamejikunja, na aliposhika shina, nusu ya majani yakaanguka kwa pamoja. Alikaa chini pale kwenye saruji akalia kwa sauti. Alilia kwa ajili ya majani, na kwa ajili ya yule mwanamke aliyepanda treni amepakata chungu magotini kutoka Tango, akitazamwa na kila abiria aliyejua maana yake, asijali.

Aliumwagilia. Na kesho yake Akane akapata homa.

Vipimo vya ini vilipanda, manjano yaliyokuwa yameanza kuondoka yakarudi machoni. Mwili unalikataa, alisema Daktari Nonomura, wataongeza dawa ya kuutuliza.

"Ni mimi," Sawako alimwambia Shuji. "Niliuacha ukauke."

"Sawako, ini halijui habari za mche."

"Mama anazijua."

Safari hii Shuji hakwenda kununua sigara. Alichukua chungu, akakitoa mahali pa giza, akakiweka kwenye ukingo wa dirisha panapopiga jua, akakigeuza mara mbili tatu mpaka akaridhika. Kisha akakaa chini karibu na mkewe.

Daktari mwenyewe alipomwona Sawako amejikunja kwenye benchi alikaa naye. "Hili hutokea kwa wengi," alimwambia. "Mwili na ini havijazoeana. Kama mama mkwe wako anavyosema, ukihamisha kitu hupukutisha majani kwanza. Ametufundisha sisi sote habari za vitunguu." Akacheka kidogo. Sawako hakucheka, lakini aliinua kichwa.

Kila siku Mama Kinu alinong'ona swali lake, na kila siku Sawako alijibu, "Bado tunaangalia, mama," bila kumtazama usoni. Asubuhi alimwagilia, si sana, kama alivyofundishwa na muuza maua wa kona. Mchana alikaa na Akane, ameshika mguu wake mdogo chini ya shuka. Hakuomba makubwa. Aliomba rangi.

Na ilikuja kwa rangi. Asubuhi moja nesi alifungua nepi ya Akane, akatoa sauti ya ajabu, akamwita. Sawako alitazama. Ndani ya nepi kulikuwa na choo cha kahawia, kahawia safi ya kawaida, kama cha mtoto yeyote wa mjini Kyoto aliyeamka asubuhi hiyo. Nyongo ilikuwa imepita njia yake. Vipimo vya alfajiri vilikuwa vimeshuka. Weupe wa macho ya Akane ulikuwa mweupe, na macho yenyewe yalikuwa yanamtazama mama yake kwa udadisi, kwa nini analia juu ya nepi.

Sawako alikwenda chumbani kubadilisha nguo, na hapo kwenye dirisha, juu ya shina alilodhani limekufa, palikuwa na kichipukizi chekundu, kidogo kama ncha ya sindano ya kushonea. Alikitazama mpaka akahakikisha si jicho lake. Akakibeba chungu, akampita kila aliyekikodolea macho kwenye njia ya hospitali, mpaka kwenye mlango wa kioo wa wadi ya Mama Kinu. Pale alisimama, kwa sababu udongo hauruhusiwi. Kitanda kilikuwa upande wa pili, mbali. Mama Kinu alikuwa amekaa kitako kwa mara ya kwanza, anakunywa uji, amepinda mgongo kama kamba wa baharini.

Sawako alifungua mlango kwa bega. Alifungua mdomo, na samahani ilikuwa pale pale, tayari, imejipanga. Akaimeza. Akavuta pumzi mpaka tumboni.

"Vimeshika, mama!" alipiga kelele. "Vyote viwili! Choo chake cha kahawia! Asante! Asante, mama!"

Wagonjwa sita waligeuka. Nesi alitoka mbio na kidole mdomoni. Mzee mmoja alimwaga chai. Sawako hakumwomba radhi mtu yeyote, alisimama tu ameinua chungu juu, uso umelowa, kifua kikipanda na kushuka.

Mama Kinu aliweka kijiko chini taratibu. Aliutazama mche kwanza, majani yake machache, kisha kichipukizi, ambacho toka kule hakuweza kukiona lakini alikubali kipo. Midomo ilikuwa inamcheza. Alipangusa pua kwa mkono wa gauni la hospitali.

"Sabuni sitaki," alinong'ona, na wadi nzima ilikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu alimsikia.

Kisha akageuza kichwa, akaweka mkono nyuma ya sikio lake zima.

"Na hilo la mwisho sikulisikia vizuri. Rudia."